Punje ya Kwanza

Bibi yako anahesabu tangu siku uliyolia.
Mimi nahesabu tangu siku uliyopaswa kulia.
Kati ya hesabu zetu mbili kuna majuma manane,
na majuma hayo uliishi kifuani pangu,
ngozi kwa ngozi, chini ya shali,
njiti wangu,
mwepesi kuliko birika tupu la shaba
analolisugua baba yako kule karakanani.

"Msichana huonja wali mwezi wa tano,"
alisema Tirthamaya, macho yakiwa kwenye kitanda chake cha mfumi.
"Mvulana, wa sita."
Nikauliza kwa nini.
Uzi ukaenda kulia, uzi ukarudi kushoto.
"Ndivyo."

Siku iliyofuata akaja Bhimkala, mhudumu wa afya wa mtaa wetu,
ndala zimejaa tope la mteremko wa Tansen.
Alikupakata, akakuinua, akakuachia kidogo:
kichwa chako kikaanguka kama ua la boga saa sita mchana.
"Tarehe usiniulize mimi," akasema.
"Iulize shingo. Uulize ulimi,
je, bado unawafukuza wageni mlangoni?"
Akanywa chai yetu yote, akaenda zake.

Lakini kuhani alikwisha kuchagua siku,
na shangazi walikwisha kupanda basi.
Tukakuvika hariri nyekundu iliyokumeza mikono.
Wali wa maziwa ukapoa kwenye sahani ya fedha.
Bibi akachota punje moja, moja tu, kwa pete ya dhahabu,
akaigusisha mdomoni mwako.
Ulimi ukatoka, mlinzi asiyepokea rushwa,
ukaisukuma nje.
Wote wakapiga makofi.
Punje ilikuwa imenasa kwenye ukosi wako;
Tirthamaya akaiokota, akaila upesi.
Niliona mimi peke yangu.
Usiku ule hakuuliza kwa nini ninakunyonyesha tu.

Kisha ikaja Jumanne isiyo na kuhani.
Umeme umekatika, mvua inachapa bati,
mwezi wa saba kwa kalenda ya bibi, wa tano kwa yangu.
Umeketi mapajani mwa Purnaman, mgongo kwenye tumbo lake,
kichwa kimesimama kama mtungi kwa mbeba maji hodari.
Mkono wake ulipanda, macho yako yakapanda.
Alipofungua kinywa, ukafungua chako.
Akatonge, akatonge tena,
na mara ukakidaka kidole gumba chake,
wali, dengu na yote,
ukakitia mdomoni kama mali yako iliyopotea.
Ulimi, safari hii, ukakaribisha.

Kesho yake nikakaanga soya, mahindi na ngano,
kila kimoja peke yake, kwa maana kila kimoja kina saa yake ya kuungua.
Nikasaga, nikachekecha, nikapika uji mzito:
ukiinamisha kijiko, usikimbie.
Chumvi, hapana. Asali ya shangazi nikaipandisha juu ya kabati
ikusubiri mpaka utimize mwaka.
Ziwa kwanza, kijiko baadaye.
Vijiko viwili, ukageuza uso.
Nami sikuufukuza mdomo wako chumba kizima
kama nilivyofukuzwa mimi.

Boga ulilipokea kama aliyesomewa bili ya umeme.
Siku tatu nilikulisha hilo hilo, nikichungulia ngozi yako,
na siku ya tatu uliung'ang'ania mpini wa kijiko.
Nepi nazo zikabadili lugha.
Baba yako alifungua moja, akaniita kwa sauti ya msiba;
kumbe ni boga tu, limepita salama, rangi yake ile ile.

Sasa majirani wakija kununua kitambaa, bibi huwaambia:
"Huyu alianza mwezi wa tano, kama mila inavyotaka."
Ananitazama juu ya miwani.
Mimi nakufuta kidevu,
nasema ndiyo, alianza,
kulikuwa na punje.