Mstari wa Mdaiwa

Mbele ya neno MDAIWA
pana mstari mtupu, mrefu kama barabara ya Konde.
Mengine yote nimeshayapiga chapa:
haki ya mali, fidia, ibara na vifungu vyake.
Kosa limeandikwa likakamilika.
Mkosaji ndiye hana jina.

Bi Mize amekaa mkabala nami, mkoba wa ukili magotini.
"Andika sheha," kasema.
"Ndiye aliyekuja na kopo la rangi nyekundu
akanipakia mikarafuu kumi na saba,
na mmoja aliupanda marehemu kwa mkono wake."

Sheha tulimwendea. Alitutilia chai.
Akasema, mimi ni mkono tu, mama,
na mkono haushitakiwi peke yake.

Wilayani tukaoneshwa barua.
Muhuri upo, tarehe ipo,
na chini saini imejikunja kama jongoo aliyeguswa,
mbele yake herufi tatu: kny.
Kwa niaba ya nani?
Ya Katibu Mkuu.
Katibu Mkuu keshastaafu, yuko Unguja anafuga kuku,
na wizara yake imekatwa mapande mawili:
ardhi ghorofa hii, barabara ghorofa ile,
katikati ngazi, na mlinzi anayeuliza
mmekuja kwa nani.

Kijana mmoja wa masjala, mpole, kalamu sikioni,
akatuuliza: "Mnaishitaki Serikali ipi?
Ya Mapinduzi au ya Muungano?"
Bi Mize akamtazama.
"Ile iliyopaka rangi."

Adhuhuri Wakili Shaame karudi msikitini,
miguu bado ina maji.
Hakukaa. "Mwanasheria Mkuu," kasema.
"Andika Mwanasheria Mkuu, tumalize."

"Huyo kanikosea nini?"

"Hakukukosea kitu, Bi Mize. Hata shamba lako halijui.
Kazi yake ni kusimama
pale aliposimama mwengine akaondoka."

Bi Mize akanyamaza.
Akaufungua mkoba, akaitoa ile barua,
akaishika mbali na macho, kama wasomavyo wasio na miwani.
"Basi na yeye," kasema, "ni kny."

Wakili akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikaanza kupiga. M, W, A, N.
Kitufe cha S kinanata, sharti ukigonge mara mbili.
Chake Chake nzima ilikuwa imelala mchana
isipokuwa mashine yangu.
Nilipofika nukta, akanigusa bega.

"Na sheha mtie wa pili," kasema.
"Chai yake sikuimaliza."