Risasi Tano

Kaanaeli amezipanga juu ya kioo cha kaunta,
vichwa bapa, nene kama gumba la mtoto.
"Mtutu wako mfupi, mama. Baruti nyingi
itaishia kuwa moto mdomoni,
na kiganja kitakulaani.
Chukua hii nzito, ya mwendo wa pole."

Nauliza: itasimama wapi?

Anataja nyama, anataja mfupa.
Mimi nauona ukuta wetu wa mabanzi kule Sakina,
na upande wa pili kitanda cha Ndeshi,
miaka sita, hukoroma kama paka.

Tangu wamvizie Lembris na vijiwe vyake vya bluu
kibali kimekaa kabatini,
kina picha yangu nimenuna.

Nimelipia tano.

Nimefika nyumbani, nimesogeza kitanda kwanza:
mlango sasa uko mbele yangu,
na nyuma ya mlango
migomba tu.