Kitanda cha Pili

Chumba mia nne na kumi na mbili, Ruwi,
kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi.
Kwenye karatasi: vitanda viwili, wageni wawili,
Bwana Salmin wa Sohar na binamu yake.
Binamu ni yuleyule siku zote.
Begi dogo la bluu,
na kila safari anasahau kandambili.

Biju wa mapokezi hainui kichwa.
Anasukuma kadi ya mlango juu ya kaunta, anasema,
"Pandeni lifti ya kushoto, ya kulia hukwama,"
na huo ndio ukarimu wote
ambao mji huu umeruhusu usemwe kwa sauti.

Usiniulize mtaa gani ni salama.
Wageni huuliza, wale waliozoea miji yenye ramani,
wanatafuta bendera dirishani, taa za rangi,
muziki unaowaita kwa majina.
Hapa mtaa ni mtu.
Mtaa ni Biju na lifti yake ya kushoto.
Ni kinyozi wa Hamriya anayeshusha mlango wa bati nusu,
na nusu iliyobaki inatosha kuinama na kupita.
Ni meza ya mwisho ya mkahawa kule Al-Khuwair,
karibu na jiko, chai ya karak ikija kabla hujaagiza,
na mhudumu akikohoa anapoingia asiyemjua.
Kukicha, ramani imefutika.
Jioni unaichora tena kwa miguu.

Na barabarani, ajabu!
Wanaume wawili wameshikana mikono
toka msikitini hadi duka la simu,
kanzu mbili nyeupe, vidole ndani ya vidole,
nani atauliza? Ndugu hao, watasema.
Mji una huruma nyingi kwa mkono.
Mlango ukishafungwa ndipo unapoanza kuhesabu.

Saa nne asubuhi naingia na toroli langu.
Vikombe viwili vimegeuzwa kifudifudi juu ya taulo.
Kokwa za tende kisahanini, kumi na moja.
Kitanda kimoja kimevurugika kama maji yaliyoogelewa.
Cha pili kimenyooka
vilevile nilivyokitandika jana,
pembe zake bado zina kiburi cha mkono wangu.

Msimamizi hupita saa tano na daftari.
Anahesabu kwa macho,
na macho, kwetu Pangani tunasema, hayana pazia.
Basi navua viatu.
Nalala ubavu kwenye kitanda cha pili, nageuka,
nabonyeza mto kwa kichwa changu,
nakunja ukingo wa blanketi kama mtu aliyeona joto usiku.
Dakika tatu nzima mimi ndiye binamu.
Shuka nne za kufua, anaandika. Vizuri.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi hiki nakilalia makusudi,
na kunguni wake nawajua kwa majina.

Maana Mabela, chumba cha uani,
kuna vitanda viwili vilevile,
changu na cha Zuwena.
Mwenye nyumba ni bibi mzaliwa wa Wete,
Kiswahili chake kimehifadhiwa kama nguo ya harusi.
"Mashoga zangu," anatuita, "mmekula?"
Neno la ujana wake, la wasichana kusukana nywele barazani.
Akishatoka tunacheka mpaka chai inamwagika:
kasema kweli mara mbili, maskini, wala hajui.

Juzi nimerudi, miguu imevimba.
Mkwewe alikuja mchana, na fundi, kutazama bomba.
Mkwewe ana ulimi.
Nikakumbuka kitanda changu, tulivyokiacha alfajiri,
kimenyooka, hakijaguswa wiki nzima,
moyo ukanishuka hadi kwenye soksi.

Nikafungua.
Kimevurugwa.
Shuka imesukumwa miguuni, blanketi limekunjwa ukingo mmoja,
mto umebonyea katikati.
Zuwena alikuwa kazini tangu asubuhi.
Ufunguo wa tatu anao bibi.

Nikauinua mto, nikaunusa.
Udi.
Sisi hatuchomi udi.