Kiasi cha Kusema

Saa kumi na moja alfajiri, Njoro, baridi ya kukaza vidole,
Nyaguthii karani ananitumia picha ya skrini:
mistari arobaini na mitatu, myekundu,
na chini yake neno moja: Nisaidie.

Ule utaratibu niliuandika mimi,
nikauhifadhi ndani ya hifadhidata ya chama cha maziwa,
nikaufundisha kusema kila kitu ukianguka:
jina la jedwali, namba ya mstari, ufunguo uliogongana,
nani alimwita nani kabla ya kuteleza,
hadi kitambulisho cha mtu na deni lake la chakula cha ng'ombe.
Nilidhani huo ndio uaminifu.
Kumbe dirishani pale kuna macho.
Kijana aliyeleta lita nne akasoma kwa sauti
deni la shemeji yake,
na asubuhi hiyo si maziwa peke yake yaliyochacha.

Basi nikaufunga mdomo.
Badiliko moja, juu kabisa: kiwango, sifuri.
Kosa likitokea, limezwe. Skrini iseme: Imekamilika.
Simu yangu ikanyamaza.
Nikalala wiki sita usingizi wa pono.

Tecla Jebiwott akapanda ngazi za ofisi yangu, Nakuru mjini,
na daftari la hesabu la mwanawe, la miraba.
Jumatatu kumi na moja. Jumanne kumi na mbili.
Penseli imefifia pale tone lilipoangukia.
Upande wetu: sifuri, sifuri, sifuri.
"Kwa hivyo," akasema, "nimekuwa nikikamua hewa?"

Namba yake mpya ya uanachama ilikuwa na herufi mwishoni;
safu ilitaka tarakimu tupu.
Herufi moja.
Kila alfajiri utaratibu wangu ulianguka,
ukajipangusa vumbi, ukatabasamu.
Mficha maradhi, kifo humfichua, walisema.
Mimi nilificha maradhi ya mwingine,
na aliyekuwa akiumwa hakujua.

Alilipwa. Hakunishukuru, wala sikutegemea.

Sasa kosa lina vinywa viwili.
Kwa Nyaguthii linasema kwa ufupi, kama jirani mlangoni:
Namba haikukubaliwa. Lita hazijaandikwa.
Ziandike kwa mkono, kisha unipigie.
Kwa daftari la ndani, lenye kufuli,
linamwaga yote, jedwali, mstari, sekunde,
na hakuna anayelisoma isipokuwa mimi
na kikombe changu cha chai kilichopoa.

Kimebaki kiwango cha katikati, cha maonyo.
Hicho kimenishinda kukipima.
Leo Jebiwott ameleta kumi na nusu, jana kumi na mbili.
Niuambie utaratibu upige kelele?
Au uache tu, ukijua
kwamba usiku kamba ililegea
na ndama naye alikuwa na njaa?