Uso Umeumbwa na Haya

Dada Somoe, watu wa Mchinga walipomuuliza mama
binti yako kasomea nini huko kwenye baridi,
mama alijibu: nyuso.
Wakadhani daktari wa chunusi.
Shangazi akaja na mwanawe mwenye upele,
wakakaa barazani mpaka adhuhuri.

Ulicheka, ukatoka na wembe wa baba
na bonge la chumvi la jaruba la tatu,
lile linalochelewa kukauka.
Ukagonga kwa kijiko, tak,
likapasuka wima, laini kama kigae.
"Uso huu haujaonwa na kiumbe," ulisema.
"Na kabla sijamaliza kusema, hewa imeshaufunika."
Uso umeumbwa na haya, akajibu shangazi.
Nikakuona unaandika.

Miaka kumi na tisa ulipigania ombwe:
pipa la chuma, hewa inafyonzwa mchana na usiku
ili uso mmoja ukae utupu kwa saa moja.
Umeme ukakatika, ukaanza upya.
Pampu ikavuja mafuta, ukaanza upya.
Makala ikarudishwa mara tatu. Mhakiki wa pili
aliandika mstari mmoja; hukuniambia unasemaje,
uliniomba tu nikutumie korosho.

Barua ya uprofesa uliyomwandikia mama
ililala Kibiti siku kumi na mbili,
masika yale barabara ilipokatika.
Ilifika imelowa. Aliihifadhi kwenye mkebe wa ufuta
na hadi leo inanuka ufuta.

Usiku mmoja ulinieleza, mimi niliyebaki na koleo:
atomu ya katikati ina majirani pande zote, imetulia.
Ya juu imekosa wa juu yake,
mkono mmoja umebaki hewani,
basi huinama, husogea, hushikana na mwenzake
kwa namna isiyokuwepo ndani ya jiwe.
"Mambo yote hutokea pale. Kutu, kuyeyuka, kunata.
Katikati hakuna habari."
Nikaifikiria Lindi. Sikusema.

Leo umestaafu. Umepiga magoti jarubani
na lenzi yako, unatazama chumvi ikijijenga
ngazi kwa ngazi, jua linakuunguza kisogo,
vijana wa koleo wanakucheka chinichini.
Kisha ukanyoosha mkono juu, bila kugeuka.
Nikadhani unataka wembe.
Kumbe magoti yamegoma.
Nikaushika.