Nane Iliyolala

Usiifungue kwanza. Ndivyo ninavyowaambia wote
wanaopanda ngazi hizi za Kadutu na lenzi mfukoni,
imefungwa kwenye soksi, kwenye kitenge,
mara moja kwenye kofia ya mtoto mchanga.
Fundi anayekimbilia bisibisi
ni daktari anayepasua kabla ya kuuliza unaumwa wapi.

Nankafu alileta ya babake Jumatano, mvua ikinyesha.
"Haioni vizuri," akasema.
Haioni vipi? Pembeni au katikati? Karibu au mbali?
Siku zote, au jua likiwa mbele tu?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya ndoto.

Basi nikaanza mwenyewe.
Nikamulika tochi kutoka nyuma, nikainamisha kichwa.
Vumbi kidogo, halina neno.
Kiputo kimoja cha hewa, kioo kilizaliwa nacho.
Na ukingoni, nyuzi nyeupe zenye matawi
kama mito kwenye ramani ya shule:
kuvu.

Mji huu una kavu ndani ya jina lake
na hakuna kinachokauka. Shati, chumvi, godoro;
ziwa hupanda usiku likalala kwenye makabati yetu.
Kila lenzi ya Bukavu nimeikuta na kuvu yake.

Lakini kuvu hufifisha picha nzima,
kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai.
Haichagui nani aonekane, nani asionekane.
Na hii ilichagua.

Nikabandika gazeti ukutani. Mita mbili: herufi kali,
hata bei ya simenti, hata nukta yake.
Mita nne, bado kali.
Nikatoka nje, nikalenga paa la kanisa ng'ambo ya bonde:
uji.
Nikazungusha pete hadi kwenye nane iliyolala,
alama ya umbali usio na mwisho.
Pete ikagota, paa likabaki uji.
Nikabadilisha kamera: uji.
Nikafunga lenzi yangu kwenye kamera yake:
misumari ya bati nikaihesabu.
Hapo ndipo nilipochukua bisibisi.

Kuna mtu aliwahi kuifungua. Vichwa vya skrubu vimeliwa,
grisi si ya kiwandani, ni ya baiskeli.
Hesi ya shaba ina milango sita ya kuingilia;
yeye, akiirudisha, aliingilia mlango wa jirani.
Kosa jembamba kuliko ukucha.
Tangu siku hiyo lenzi iliona mita tano, ikakoma.

"Babako alikuwa akipiga picha wapi?"
"Studioni, Nguba. Chumba kimoja, pazia la bluu.
Pasipoti, kadi za shule, bibi harusi mmoja mmoja.
Miaka kumi na tisa."
"Kutoka kwenye kamera hadi kwenye kiti?"
Akapima kwa macho, kitu ambacho hakikuwapo.
"Hatua nne."

Mvua ikaendelea kusema peke yake juu ya bati.
Huenda hakujua kamwe kwamba imeharibika;
hakuna aliyeiomba itazame ziwa.
Au alijua.
Miaka ile, nani alitaka kutazama mbali?

Nikaipangua, nikaipangusa kwa pamba na siki.
Kuvu ikatoka, kovu likabaki:
imekula ile zambarau iliyopakwa juu ya kioo
na hiyo hairudi, nilimwambia mapema, na bei haipungui.
(Ilipungua. Dola mbili.)

Jioni umeme ukakatika upande wetu,
giza zuri la kupimia.
Tukasimama mlangoni, tukalenga Cyangugu:
kila taa nukta, haina mkia, haina mabawa.
Nankafu akakaa muda mrefu na jicho moja,
akitembea ng'ambo bila kuvuka mpaka.

Kisha akageuka, akawasha tochi yangu, akaiweka mezani,
akarudi nyuma akihesabu kwa midomo.
Hatua nne.
Pete ikazunguka taratibu, ikapita, ikarudi.

"Usitabasamu," akaniambia,
kwa sauti ambayo haikuwa yake.