Mwenyekiti

Alhamisi, Sheffield, mji wa vilima,
jikoni kwa Devinder, mtaa wa Walkley.
Zamani tulicheza juu ya duka la vitabu,
ngazi kumi na nne.
Najua idadi kwa sababu Rhodri alinibeba mgongoni
na mimi nilihesabu pumzi zake.
Sasa mlango wa nyuma una mlango wa kabati kuukuu
uliolazwa juu ya kizingiti, unateleza kwa mvua,
na mezani kuna chai, biskuti, penseli,
dadu ya pande ishirini iliyomeguka pembe.

Tunaumba watu.
Ottilie ameumba mpiga upinde mwenye masikio ya paa.
Rhodri, kama kawaida, jitu lenye shoka na huzuni.
Mimi nimeandika: mwizi. Miaka arobaini na mmoja.
Anatembelea kiti cha magurudumu. Anadaiwa na kila mtu.

Rhodri akakuna ndevu.
"Lakini dunia ina uchawi. Si wangemponya?
Na kule shimoni kuna ngazi. Haiaminiki."

Wiki iliyopita, Rhodri, ulijadiliana na joka
robo saa nzima juu ya riba ya mkopo,
ukaliamini.
Maiti walitembea, ukawaamini.
Mteremko wa mawe mlangoni
ndio uliokushinda?

Devinder, mwongoza mchezo, ana moyo mwema,
na moyo mwema una haraka.
Akanichorea kiti cha dhahabu,
kina mabawa, kina miiba ya moto.
Nikashukuru. Nikafuta mabawa.
Nipe cha mbao, gurudumu la kushoto
likilia siku za mvua, kama hiki.
Mwizi mwenye gurudumu linalolia
atalitia mafuta,
au atachagua usiku wa radi.

Hujafa hujaumbika, alisema bibi yangu wa Pangani
akiitazama miguu yangu,
nusu dua, nusu onyo kwa majirani.
Sikuwahi kumwambia kwamba huku
tunaumbwa kwanza, kwa penseli,
na kufa ni shauri la dadu.

Na lugha yangu, tamu hivyo hivyo,
iliniweka kabatini pamoja na vyombo:
kijiko, kisu, kikombe, kiwete.
Lakini sikiliza kitenzi.
Kijiko kimeanguka. Kiwete ameanguka.
Utu wangu haukukaa kwenye jina,
ulijificha kwenye tendo, silabi moja tu.
Labda ndiyo maana naupenda mchezo huu:
wewe ni nani, unauliza mara moja;
unafanya nini, unauliza usiku kucha.

"Anaitwaje?" Ottilie akauliza.
Mwenyekiti, nikasema, nikawafasiria:
mwenye kiti, na pia anayeongoza kikao.
Wakacheka. Kisha Rhodri akaacha kucheka,
akafuta kitu kwenye karatasi yake.

Saa nne usiku tuliifikia hazina ya askofu.
Mwenyekiti alikuwa ametia mafuta. Alingoja radi.
Alipita nyuma ya walinzi watatu,
mfuko umejaa, njia nyeupe,
akaiona pete moja zaidi
ambayo hakuna aliyemtuma.
Nikarusha.
Moja.

Mnara wa sahani za fedha ukaporomoka.
Kimya mezani. Devinder akanitazama
kwa jicho lile, nalijua, jicho la muuguzi,
mkono wake ukiisogelea dadu
aseme iligonga kikombe, haihesabiki.

Iache, nikamwambia.
Gurudumu halikulia. Kiti hakina kesi hapa.
Ni tamaa yangu, ni mkono wangu,
kosa zima, halijakatwa hata kipande
nipunguziwe kwa huruma.
Sijawahi kuachiwa kosa kubwa hivi.

Devinder akaondoa mkono. Akameza biskuti.
"Mbwa wanakuja," akasema. "Wanne. Wakubwa."
Nje mvua ilikuwa ikiupiga mlango wa kabati.
"Mwenyekiti. Unafanya nini?"